Laptopu Inachemka Ukicheza Gemu: Fanya Haya Kabla ya Kumpelekea Fundi

"Kaka, nikicheza GTA V dakika ishirini tu laptopu inaanza kustaki, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na juu ya kibodi hapashikiki. Ninunue pedi ya kupozea?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, likibadilika jina la gemu tu. Nimeona niliandikie jibu lote mahali pamoja ili ukimaliza kusoma uwe na la kufanya leo jioni.

Jibu fupi: usinunue kitu bado. Wengi wanaanzia mwisho. Wanatoa hela ya pedi, ile ya feni inayowekwa chini ya laptopu, au wanampa fundi abadilishe pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa, huku mashine yenyewe inachezewa juu ya godoro na gemu linachora fremu, yaani picha moja moja, ambazo skrini haiwezi hata kuzionyesha. Anza na hewa, kisha ipunguzie mashine kazi, na bisibisi ishikwe mwishoni. Hatua tano za kwanza hapa chini hazikugharimu hata shilingi.

Mifano yangu inatoka kwenye laptopu ya inchi 15 yenye prosesa (chipu inayofanya hesabu) ya Intel Core i5-9300H na kadi ya grafiki (chipu inayochora picha) ya GTX 1650, nayocheza nayo Dar es Salaam, Windows ikiwa ndiyo mfumo. Kama yako ni tofauti, namba zitatofautiana kidogo lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Nadharia kidogo tu

Ndani ya laptopu kuna vitu viwili vinavyotoa joto jingi: prosesa na kadi ya grafiki. Juu yake yamelazwa mabomba ya shaba yanayobeba joto hadi kwenye mapezi membamba ya chuma pembeni mwa mashine, na feni inasukuma hewa kupita katikati ya mapezi hayo. Katikati ya prosesa na shaba kuna utando mwembamba wa pesti, kazi yake kuziba mianya midogo ambayo jicho haliioni.

Kila prosesa ina kikomo cha joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu, ikiwemo i5-9300H, kikomo chake ni digrii 100. Za AMD Ryzen ni kama 95 hadi 105 kutegemea modeli. Kadi nyingi za Nvidia za laptopu huanza kujizuia zikikaribia 87. Mashine ikifika hapo haiungui. Inajishushia kasi yenyewe ili ipoe. Kule kustaki, yaani kukwamakwama, unakokuona ndiko kujishusha huko. Kwa hiyo usitishike na 85 kwenye prosesa wakati gemu zito linaendelea. Laptopu za gemu zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto la namna hiyo. Shida ni pale inapogonga kikomo na kubaki hapohapo.

Jambo la mwisho: joto la chumba linaongezeka juu ya joto la mashine. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoivuta. Kipindi cha kaskazi, Januari hadi Machi, chumba changu bila kiyoyozi hukaa kwenye digrii 31 au 32. Anayecheza kwenye chumba cha digrii 22 ana nafuu ya digrii kama kumi kabla hajagusa chochote. Ukiona video ya mtu wa Ulaya ambaye laptopu kama yako inakaa kwenye 75, kumbuka hilo kabla ya kusema yako ni mbovu.

Vitu vya kuandaa

Kwa hatua za mwanzo:

- Programu ya HWiNFO64, ni ya bure kwa matumizi binafsi.
- Gemu moja unalolijua vizuri, litakalokuwa kipimo chako.
- Kalamu na karatasi.
- Vifuniko viwili vya chupa za maji, au vibao viwili vya unene sawa.

Kwa usafishaji na pesti, kama utafika huko:

- Bisibisi ndogo ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu zako. Ile inayocheza ndani ya kichwa cha skrubu itakiharibu.
- Kadi ya plastiki ya zamani ya kufungulia mfuniko.
- Brashi laini ya rangi, mpya, kavu.
- Kopo la hewa au blowa ndogo ya mkono.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya vidonda ya famasi mara nyingi ina maji mengi zaidi, na nyingine huwekwa mafuta ndani. Isome chupa kwanza.
- Pesti ya jina linalojulikana, kama Arctic MX-4.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanarudi kuniambia "nimefanya yote hakuna kilichobadilika" bila kujua ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi.

1. Fungua HWiNFO64, chagua sehemu ya vipima joto pekee, yaani "Sensors-only".
2. Tafuta mstari wa prosesa. Kwa Intel umeandikwa "CPU Package", kwa AMD ni "CPU (Tctl/Tdie)". Kisha tafuta "GPU Temperature", huo ni wa kadi ya grafiki.
3. Fungua gemu lako, cheza dakika 30 mfululizo, sehemu ileile utakayoirudia baadaye. Mimi kwenye GTA V huendesha gari katikati ya jiji mchana.
4. Rudi HWiNFO64, andika kwenye karatasi joto la juu kabisa na la wastani, la prosesa na la kadi.
5. Angalia mistari ya "Thermal Throttling". Kama imewahi kuandika "Yes", mashine iligonga kikomo.

Andika pia saa, na kama pangaboi lilikuwa linazunguka au la. Kipimo cha saa nane mchana hakilinganishwi na cha usiku wa manane.

Angalizo: Task Manager ya Windows inaonyesha joto la kadi ya grafiki tu. La prosesa haionyeshi, na mara nyingi mwenye shida ni prosesa.

Hatua ya 2: Ipe mashine hewa

Geuza laptopu uangalie tumbo lake. Matundu yale ya chini ndiyo pua: hewa baridi inaingilia hapo. Ya nyuma au ubavuni ndiyo inakotokea hewa ya moto. Ukiiweka kitandani, kwenye zulia, juu ya mto au mapajani, umeiziba pua.

1. Weka laptopu juu ya meza ngumu, isiyo na kitambaa. Vitambaa vya kufuma vya mezani ni vizuri kwa wageni, lakini vinanyonywa na feni hadi vinaziba matundu.
2. Inua upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa, kimoja kila kona. Sentimita mbili zinatosha. Hakikisha vifuniko havijakaa juu ya matundu.
3. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya mashine na ukuta. Hewa ya moto ikigonga ukuta inarudi kuvutwa tena chini.
4. Kama una feni ya mezani, ielekeze ivushe hewa kutoka mbele au ubavu usio na tundu la kutolea. Ukiielekeza kwenye tundu la kutolea, feni mbili zinasukumana na joto linabaki ndani.
5. Ukitumia skrini ya nje, acha laptopu yenyewe ikiwa wazi. Modeli nyingi hupumua pia kupitia kibodi.

Pima tena. Kwa aliyekuwa anachezea kitandani, hatua hii peke yake huwa inamaliza nusu ya ugomvi.

Angalizo la barafu: Usiweke barafu, chupa ya maji baridi wala kitambaa kibichi chini ya laptopu. Huku pwani hewa imejaa unyevu. Tazama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho mezani; jasho hilohilo litatokea kwenye chuma cha ndani, karibu na umeme.

Hatua ya 3: Funga idadi ya fremu

Kama ningeruhusiwa kukupa hatua moja tu, ningekupa hii.

Skrini ya hertzi 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi yako ikichora 110, zile 50 za ziada huzioni kwa ukamilifu, lakini umeme wake umetumika na joto lake limebaki ndani. Mbaya zaidi ni kwenye menyu za magemu: nyingine zisipowekewa kikomo zinachora mamia ya fremu kwa sekunde, mashine inachemka wewe umeenda kuchota maji.

1. Jua skrini yako ni hertzi ngapi: kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "Display", kisha "Advanced display".
2. Kwa kadi ya Nvidia, fungua paneli ya Nvidia, nenda "Manage 3D settings", tafuta "Max Frame Rate", weka 60. Kwa AMD, tumia "Radeon Chill" au kikomo cha fremu kilicho ndani ya programu ya Radeon.
3. Kama gemu lenyewe lina kikomo chake, tumia hicho.
4. Kwa gemu la hadithi lisilohitaji kasi ya vidole, jaribu 45 au hata 40. Fremu 40 zinazotembea sawasawa zinapendeza kuliko 70 zinazoanguka hadi 25 kila kona.

Kwa mpira, kama EA SPORTS FC, usishuke chini ya 60. Utahisi mchezaji anachelewa kuitikia.

Baada ya hapo shusha mipangilio ya picha, lakini kwa kuchagua. Ukishusha kila kitu unapata gemu baya bila sababu. Anza na vivuli, miakisi ya majini na kwenye vioo, majani, na umbali wa kuchora vitu. Kwenye GTA V zima MSAA, ambayo hulainisha kingo za vitu kwa kazi nzito, tumia FXAA iliyo nyepesi badala yake, kisha ingia kwenye picha za kiwango cha juu uzime "Extended Distance Scaling", ambayo huitwisha prosesa mzigo mzito. Ubora wa tekscha, yaani mwonekano wa nyuso za vitu, unaweza kuuacha ulivyo kama kumbukumbu ya kadi inatosha, kwa kuwa hauongezi joto sana.

Hatua ya 4: Zima mwendo wa ziada wa prosesa

Prosesa yangu ina mwendo wa kawaida wa gigahezi 2.4, ila ikiona nafasi inapanda hadi 4.1. Kupanda huko kunaitwa tabo. Ni kuzuri unapofungua programu, lakini kwenye gemu la saa mbili kunazaa joto jingi kwa faida ndogo, hasa pale ambapo kadi ya grafiki ndiyo inayochelewesha kazi.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powercfg.cpl, bonyeza Enter.
2. Kwenye mpango unaoutumia, bonyeza "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings".
3. Fungua "Processor power management", halafu "Maximum processor state".
4. Sehemu ya "Plugged in" badilisha 100 iwe 99. Hifadhi.

Laptopu nyingine hazionyeshi kipengele hicho. Basi fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika mistari hii miwili, mmoja baada ya mwingine:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setactive scheme_current

Kurudisha ilivyokuwa, rudia ukiandika 100.

Kwangu joto la prosesa lilishuka kwa zaidi ya digrii 10, na GTA V ikabaki inachezeka vizuri. Si kila gemu litakubali. Magemu yenye watu wengi kwa wakati mmoja na yale ya kujenga miji yanaitegemea sana prosesa, utaona fremu zinapungua. Jaribu, pima, ukiona hasara ni kubwa rudisha.

Angalizo: Kuna wanaoweka 50 au 60 wakidhani ndiyo itapoa zaidi. Itapoa, ndiyo, na gemu litakwama vibaya kuliko mwanzo. Kati ya 100 na 99 ndipo tabo inapozimwa. Chini ya hapo unakata mwendo wa kawaida. Kwa baadhi ya prosesa mpya za Intel zenye aina mbili za kiini (sehemu za ndani ya prosesa zinazofanya hesabu), hatua hii huenda isibadilishe mengi. Tegemea zaidi hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Tumia programu ya mtengenezaji

Laptopu za gemu huja na programu yake ya kuchagua namna feni na umeme vinavyofanya kazi. Lenovo wana Vantage, na kwenye Legion unaweza kubonyeza Fn na Q tu. ASUS wana Armoury Crate, HP wana OMEN Gaming Hub inayofanya kazi hata kwenye Victus, Acer wana NitroSense, MSI wana MSI Center. Kama laptopu ni ya mtumba, huenda aliyekuuzia aliisafisha na kuweka Windows mpya bila programu hiyo. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji.

Wanaoanza huenda moja kwa moja kwenye hali ya nguvu zote. Hali hiyo inaongeza kasi ya feni, lakini inaongeza pia umeme unaoingia kwenye prosesa na kadi. Jaribu hali ya kati huku feni ukiziweka juu kwa mkono, kama programu inaruhusu. Kelele itakuwepo, vaa vipokea sauti.

Hatua ya 6: Toa vumbi

Kama umefanya yote hayo na bado inagonga kikomo, au kama mashine haijawahi kufunguliwa mwaka mzima, sasa shika bisibisi. Kama bado ina waranti, soma masharti kwanza.

Vumbi linalosumbua si lile unaloliona kwenye matundu. Liko ndani, kati ya feni na mapezi, limejikusanya na nyuzi za nguo na nywele mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka kwa nguvu, unaisikia, lakini ukiweka mkono kwenye tundu la kutolea hewa ni hafifu. Ukiona dalili hiyo, hakuna mpangilio wa Windows utakaokuokoa. Nyumba zilizo karibu na barabara ya vumbi, na zenye paka, zinajaza haraka. Kwa hali zetu mimi nasafisha kila baada ya miezi sita.

1. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15.
2. Tafuta video ya kufungua modeli yako hasa, jina na namba. Itazame yote kabla hujagusa skrubu ya kwanza.
3. Chora umbo la tumbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayotoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Skrubu zinatofautiana urefu. Ndefu ikiingizwa pa fupi inaweza kutoboa hadi kwenye bodi.
4. Achia vishikizo vya mfuniko kwa kadi ya plastiki, taratibu, kuanzia kona. Usitumie kisu.
5. Gusa chuma kikubwa kilicho karibu, kama fremu ya dirisha, kutoa umeme tuli mwilini. Kisha chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.
6. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti ili yasizunguke. Puliza kwa vipindi vifupi kwenye mapezi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ule mkeka wa vumbi ukiachia, uvute kwa kibano.
7. Piga brashi mapanga ya feni na matundu ya mfuniko.
8. Rudisha waya wa betri, mfuniko, skrubu. Washa, pima.

Makosa ninayokutana nayo hapa: La kwanza ni kupuliza feni bila kuishikilia. Inazunguka kupita uwezo wake, beringi zinaharibika, na kuanzia hapo inakwaruza kila ukiiwasha. Nimewahi kupoteza feni namna hiyo. La pili ni kupeleka laptopu kwenye kompresa ya gereji ya kujazia matairi: hewa yake ina nguvu mno na hutoka na maji na mafuta. La tatu ni kuinamisha kopo la hewa kichwa chini. Linamwaga kimiminika baridi sana. Na usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani, inazalisha umeme tuli.

Hatua ya 7: Badilisha pesti, kama kweli inahitajika

Dalili za pesti iliyokauka ni hizi: matundu ni safi, hewa inatoka kwa nguvu, lakini ukifungua gemu prosesa inaruka hadi 95 ndani ya sekunde chache, na ukilifunga inashuka ghafla vilevile. Dalili nyingine ni kiini kimoja kuwa na joto kubwa kuliko vingine kwa digrii 15 au zaidi. Mashine yenye miaka mitatu na kuendelea, ambayo haijawahi kuguswa, huwa inafaidika. Kama huna dalili hizi, iache pesti ilivyo.

1. Fuata hatua ya 6 hadi kuchomoa betri.
2. Skrubu za bomba za shaba zina namba zilizochongwa pembeni. Wakati wa kufungua, anza na namba kubwa kurudi kwenye 1, ukilegeza kila moja kidogokidogo kwa zamu.
3. Chomoa waya za feni kama zimeungana na bomba. Inua bomba taratibu. Likigoma, lizungushe kidogo, usilingʼoe.
4. Angalia pesti ya zamani. Ikiwa ya kijivu na ngumu, endelea. Ikiwa inangʼaa kama zebaki, simama. Hiyo ni metali ya maji, ambayo baadhi ya laptopu, zikiwemo ROG kadhaa za ASUS, hutoka nayo kiwandani. Inapitisha umeme, tone moja likianguka kwenye bodi umeiua mashine. Mpe anayeifahamu.
5. Futa pesti kwa karatasi laini yenye alkoholi, kwenye prosesa, kwenye kadi, na kwenye shaba, mpaka ujione kama kwenye kioo. Subiri ikauke.
6. Vile vipande laini vinavyofanana na raba juu ya chipu za kumbukumbu ni pedi za joto. Visitoke mahali pake, wala usiviondoe ukapaka pesti badala yake: unene wake umepimwa. Kikichanika, nunua cha unene uleule, si kinene zaidi, la sivyo shaba haitaigusa prosesa.
7. Weka pesti kiasi cha punje ya mchele kwenye prosesa, zaidi kidogo kwenye kadi, kisha isambaze kwa kipande cha plastiki hadi kona zote zifunikwe kwa utando mwembamba. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma juu yake, ndiyo maana kona iliyoachwa wazi inachemka peke yake.
8. Rudisha bomba ukilishusha wima, bila kulitelezesha. Kaza skrubu kwa namba, 1, 2, 3, 4, zote nusu kwanza, halafu zote hadi mwisho. Usitumie nguvu za bolti za gari.
9. Rudisha waya za feni. Watu huzisahau. Kisha betri, mfuniko.

Dawa ya meno si pesti. Najua kuna video zake. Inakauka ndani ya muda mfupi na ina maji ndani.

Na ile pedi ya kupozea?

Nunua sasa, baada ya hayo yote, kama bado unataka. Zile nyepesi zenye feni mbili au tatu za taa za rangi hushusha digrii chache tu, na kazi kubwa zinayofanya ni kuinua mashine, ambayo vifuniko vya chupa vimeshaifanya. Zenye sponji pembeni inayoziba na kulazimisha hewa iingie kwenye matundu zinafanya kazi vizuri zaidi, lakini zina kelele na bei yake imesimama.

Kuhusu kupunguza volti za prosesa kwa programu ya ThrottleStop: ilikuwa njia nzuri sana, ila baada ya Plundervolt, udhaifu wa usalama wa prosesa za Intel, kutangazwa Desemba 2019, watengenezaji wengi waliifunga kupitia BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Usibadilishe BIOS kwa ajili hiyo tu. Kwa kadi ya grafiki bado inawezekana kupitia programu ya MSI Afterburner, lakini jifunze kwanza kila kipimo kinafanya nini.

Ikigoma: tatizo na pa kuangalia

Joto liko 75 lakini bado inastaki. Basi si joto. Angalia chaja. Wengi hununua chaja mbadala baada ya ile ya kwanza kufa, na kichwa kikiingia wanaamini inafaa. Soma maandishi ya "Output" na uzidishe volti kwa ampia. Laptopu yangu inataka volti 20 na ampia 6.75, yaani wati 135. Ukiiwekea ya volti 19.5 na ampia 3.33, hiyo ni wati 65 tu. Mashine itajizuia, na betri itapungua huku imechomekwa. Angalia pia kama RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, imejaa.

Inacheza vizuri, umeme ukikatika inakuwa nzito. Ni kawaida. Betri haiwezi kutoa umeme ambao chaja inatoa, kwa hiyo kadi inashushwa kasi. Hakuna cha kurekebisha.

Inazimika ghafla, bila onyo. Kama hutokea joto likiwa juu sana, angalia kama feni zote zinazunguka. Kama hutokea hata ikiwa baridi, shuku chaja au betri, na usiendelee kucheza mpaka ijulikane.

Nimebadilisha pesti, imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Bomba halijakaa sawa. Fungua, tazama alama ya pesti kwenye shaba: sehemu ambayo haijaguswa itaonekana. Mara nyingi ni pedi nene iliyowekwa, au skrubu moja iliyokazwa hadi mwisho kabla ya nyingine.

Feni inakwaruza. Kwanza angalia kama kuna waya unaogusa mapanga yake. Kama hakuna, beringi zimekwisha. Badilisha feni nzima kwa namba ya modeli. Mafuta ya cherehani yatakupa wiki mbili, kisha itarudi vilevile na vumbi limegandia.

Mchana inachemka, usiku iko sawa. Hilo ni joto la chumba. Shusha kikomo cha fremu mchana, au cheza usiku.

Padi ya kugusa, ile ya kusogezea kishale chini ya kibodi, imeinuka, au mfuniko wa chini haukai sawa. Betri imevimba. Zima mashine saa hiyohiyo na uchomoe chaja. Usiikandamize irudi, usiitoboe, usiichaji tena hata "mara moja ya mwisho". Ipeleke kwa fundi aitoe, na mpaka siku hiyo iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda na mapazia.